Kimandarini na Kikantoni: Tofauti Zinazomhusu Mjifunzaji wa Lugha

Neno "Kichina" litajwapo katika Afrika ya Mashariki, aghalabu huchukuliwa kuwa ni jina la lugha moja, kama vile Kijapani au Kituruki. Dhana hiyo haimdhuru mtu asiyekusudia kujifunza lugha yenyewe, lakini kwa mwanafunzi ina gharama yake. Mwaka 2005 Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ikiwa ya kwanza barani Afrika, na tangu hapo Kichina kimeota mizizi katika masomo ya vyuo vya Kenya. Kichina hicho ni Kimandarini. Wakati huo huo, mmojawapo wa miji ya Uchina ambayo wafanyabiashara wa Afrika wameizoea sana ni Guangzhou, na lugha ya wenyeji wa Guangzhou ni Kikantoni. Mwanafunzi aliyehitimu vyema Nairobi aweza kufika huko akazungumza na mwenye hoteli pasipo taabu, kisha akaketi kando ya wazee wawili wa mji ule asielewe hata sentensi moja ya mazungumzo yao. Kosa si lake, wala si la mwalimu wake. Lugha anayoisikia ni nyingine.

Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya tofauti za lugha hizo mbili kwa kumfikiria hasa mjifunzaji anayesema Kiswahili. Vitabu vingi vya kufundishia Kichina vilivyomo katika maktaba zetu viliandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, na mambo yanayosemwa humo kuwa ni magumu si lazima yawe magumu kwa mtu wa Mombasa au wa Nyeri. Mengine ambayo hayakutajwa kabisa ndiyo yatakayomsumbua.

Suala la jina "lahaja"

Wachina wenyewe hukiita Kikantoni fāngyán, yaani usemi wa mahali fulani, na neno hilo limezoeleka kufasiriwa kwa neno "lahaja". Fasiri hii inampotosha msomaji wa Kiswahili zaidi kuliko wengine, kwa sababu yeye anazo lahaja anazozijua. Mvita na Mwunguja hutofautiana katika matamshi na msamiati, na pengine hutaniana kwa ajili hiyo, lakini huelewana. Mtu wa Guangzhou ambaye hakusoma Kimandarini hamwelewi mtu wa Beijing, wala mtu wa Beijing hamwelewi yeye. Wanaisimu wamezoea kuulinganisha uhusiano wao na ule wa Kifaransa na Kireno: mzazi ni mmoja, watoto wamekwisha kuhama na kujenga.

Kikantoni ni tawi mashuhuri la kundi liitwalo Yue, lenye wasemaji wapatao milioni 80 katika mkoa wa Guangdong, sehemu ya Guangxi, Hong Kong, Macau na ng'ambo. Wachina wa zamani wa Bukini, kwa mfano, wengi wao asili yao ni Guangdong. Wasemaji ambao Kimandarini ni lugha yao ya kwanza wanazidi milioni 800. Putonghua, ambayo ndiyo Kimandarini sanifu cha Jamhuri ya Watu wa Uchina, ilielezwa rasmi katika miaka ya 1955 na 1956 kuwa ni lugha ifuatayo matamshi ya Beijing, msingi wa msamiati wa kaskazini, na sarufi ya maandishi bora ya kisasa. Msomaji atakumbuka mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Ulinganisho huo una mpaka wake. Kiunguja kiliteuliwa miongoni mwa ndugu wa tumbo moja, ilhali Putonghua iliwekwa juu ya lugha ambazo wasemaji wake hawakuelewana tangu zamani.

Kwa hiyo jina si jambo dogo. Lugha ikishaitwa lahaja, haishangazi ikipunguziwa nafasi katika shule na redio. Mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia kufanyika Guangzhou, lilitolewa pendekezo la kuongeza matumizi ya Putonghua katika televisheni ya mji huo, na watu wakatoka barabarani kukitetea Kikantoni. Huko Hong Kong, sheria ya 1974 ilikifanya "Kichina" kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, pasipo kusema ni Kichina kipi. Katika mazungumzo ya kila siku ya serikali na mahakama kikawa ni Kikantoni. Yafaa basi idara zetu zizungumze juu ya lugha za Kichina, na neno "lahaja" liachiwe zile tofauti ndogo zilizomo ndani ya kila moja.

Konsonanti, na faida aliyo nayo Mmvita

Katika maelezo yafuatayo, maneno ya Kimandarini yameandikwa kwa tahajia ya pinyin, iliyoidhinishwa mwaka 1958, nayo huonyesha toni kwa alama juu ya irabu. Maneno ya Kikantoni yameandikwa kwa tahajia ya Jyutping, iliyotungwa Hong Kong mwaka 1993, ambayo huonyesha toni kwa tarakimu mwishoni mwa silabi.

Lugha zote mbili hazina tofauti ya b na p kama ile ya Kiswahili sanifu. Herufi b na p, d na t, g na k zote husimamia vipasuo visivyo na mghuno, na tofauti iko katika pumzi: p hutamkwa kwa mpumuo, b bila mpumuo. Kitabu cha Kiingereza hulitumia jambo hili kurasa kadhaa. Mmvita hahitaji kurasa hizo, maana tofauti hii anayo kinywani mwake. Atofautishapo paa la nyumba na p'aa wa mwituni, au kaa la moto na k'aa wa pwani, anafanya jambo lile lile ambalo Mchina hulifanya. Mwalimu aliye na wanafunzi wa Pwani angefanya vyema kuanzia hapo. Msemaji wa Kiswahili wa bara, ambaye hana mpumuo wa namna hiyo, ndiye atakayeisoma b ya pinyin kama b ya "baba" na kusikika wa ajabu.

Tofauti kati ya lugha zenyewe huanza kuonekana katika sauti za meno na za kaakaa. Kimandarini kina mfululizo wa sauti ambazo ulimi hupindwa nyuma, ziandikwazo zh, ch, sh na r, pamoja na mfululizo mwingine wa z, c, s. Kikantoni kina mfululizo mmoja tu. Zhī (kujua) na zī (mali) hutofautiana Beijing; Guangzhou yote mawili ni zi1. Tena Kimandarini kimezigeuza k na g za zamani kuwa sauti za kaakaa zilipofuatwa na irabu ya mbele, ilhali Kikantoni kimezihifadhi: kuku ni jī kwa Kimandarini na gai1 kwa Kikantoni, dhahabu ni jīn na gam1, na silabi ya pili ya jina la Beijing ni ging1. Mwenye kujua kwamba chakula na chumba vilianza na kiambishi ki- hatashangazwa na mwendo huo wa ulimi, ingawa mazingira yake katika Kiswahili ni mengine.

Kuna sauti mbili za Kikantoni ambazo huwatoa jasho Wazungu na ambazo Mswahili huzipata bure. Ya kwanza ni ng' ianzayo neno, kama katika ngo5 (mimi), ambayo ni ile ya ng'ombe. Ya pili ni nazali iliyo silabi peke yake. Kikanushi cha Kikantoni ni m4, silabi nzima isiyo na irabu, kama m ya mtu na mti. Na tano ni ng5. Kimandarini husema wǒ, bù na wǔ. Ni kweli kwamba vijana wengi wa Hong Kong hulidondosha ng' la mwanzo na kuigeuza n kuwa l, wakasema lei5 badala ya nei5 (wewe). Wazee huita matamshi hayo uvivu. Mgeni na ajifunze kwanza matamshi ya wazee, maana kuyaacha baadaye ni rahisi kuliko kuyatafuta.

Miisho ya silabi

Hapa ndipo lugha hizi zinapoachana kwa dhahiri. Silabi ya Kimandarini huishia kwa irabu, n, ng, au r. Silabi ya Kikantoni huweza kuishia pia kwa m, p, t na k, miisho iliyokuwamo katika Kichina cha kale ikapotea kaskazini. Moja ni yī na jat1, sita ni liù na luk6, saba ni qī na cat1, nane ni bā na baat3, kumi ni shí na sap6. Moyo na upya ni xīn kwa Kimandarini, toni moja, sauti moja; kwa Kikantoni moyo ni sam1 na -pya ni san1.

Matokeo ya upotevu huo ni wingi wa maneno yanayofanana sauti. Yatazame maneno matano ya Kimandarini ambayo yote hutamkwa shí, kwa toni ile ile: kumi, chakula, jiwe, wakati, na kweli. Katika Kikantoni ni sap6, sik6, sek6, si4 na sat6, wala hakuna mawili yanayogongana. Kimandarini kimejitibu kwa kuunganisha silabi mbili mbili: jiwe husemwa shítou, na wakati shíhou. Mjifunzaji asidhani kwamba maneno marefu ya Kimandarini ni mapambo. Yanafanya kazi ambayo konsonanti za mwisho zilikuwa zikiifanya.

Kwa Mswahili, miisho hii ni hatari ya kweli. Mazoea ya lugha yake ni kuifunga kila silabi kwa irabu, ndiyo maana lugha ya kukopa imetupa shati na klabu. Mwanafunzi atasema sapu badala ya sap6, na atakuwa ameongeza silabi yenye kudai toni yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, vipasuo hivyo vya mwisho haviachiliwi: midomo hufungwa kwa p na pumzi hukatwa hapo hapo. Mazoezi ya kioo yanasaidia kuliko maelezo.

Kutokana na hayo mtu aweza kupata kanuni moja yenye manufaa. Anayejua Kikantoni aweza mara nyingi kukisia sauti za neno la Kimandarini, kwa kuwa kukisia huko ni kuondoa. Anayetoka Kimandarini kwenda Kikantoni hawezi kukisia kama xīn itakuwa sam1 au san1. Hana budi kukariri. Isipokuwa mifano kama zhī na zī, ambamo mzigo unamgeukia mwenzake.

Toni

Husemwa kwamba Kimandarini kina toni nne na Kikantoni tisa, na wanafunzi wengi hukimbia kwa kuisikia hesabu hiyo. Tisa ni hesabu ya wataalamu wa jadi, waliozihesabu peke yake silabi fupi zinazoishia kwa p, t, k. Kiwango cha sauti cha silabi hizo ni kile kile cha nyingine, hivyo toni zinazopambanua maana ni sita. Kimandarini kina nne, pamoja na silabi hafifu zisizo na toni yake.

Lakini si idadi tu inayotofautisha. Kwa kipimo cha ngazi tano kilichobuniwa na Yuen Ren Chao mwaka 1930, ambapo 5 ni juu kabisa na 1 ni chini kabisa, toni za Kimandarini ni 55, 35, 214 na 51. Kila moja ina umbo lake: moja imelala juu, moja yapanda, moja yashuka na kuinuka, moja yaanguka. Toni za Kikantoni ni 55, 25, 33, 21, 23 na 22. Tatu kati yake zimelala, nazo hutofautiana kwa urefu wa ngazi tu: si1 ni shairi, si3 ni kujaribu, si6 ni jambo. Sikio la mwanafunzi wa Kimandarini huuliza sauti inaelekea wapi. La mwanafunzi wa Kikantoni huuliza pia iko wapi.

Mfano mmoja utawagusa wafanyabiashara. Kununua na kuuza kwa Kimandarini ni mǎi na mài, toni ya tatu na ya nne, ambazo umbali wake ni mkubwa kiasi cha kusikika hata sokoni. Kwa Kikantoni ni maai5 na maai6. Moja yaanza ngazi ya pili ikapanda kidogo hadi ya tatu. Nyingine yabaki ngazi ya pili. Hayo ndiyo yote yanayotenganisha mnunuzi na mwuzaji.

Kiswahili hakina toni za maneno. Kina mkazo, ambao mara chache hupambanua maana, kama katika barabara ya magari na barabara kwa maana ya sawasawa, na kina kiimbo, kinachotosha kuigeuza "amekuja" kuwa swali. Mazoea haya mawili humponza msemaji wake. Atatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho na kuiharibu toni yake, kisha atapandisha sauti mwishoni mwa swali na kuligeuza neno la mwisho. Lugha zote mbili za Kichina zina vijineno vya kuulizia, ma kwa Kimandarini na aa3, me1 na vinginevyo kwa Kikantoni. Yafaa vifundishwe siku ya kwanza ili kiimbo kikose kazi.

Mwanafunzi ambaye lugha yake ya mama ni Kigikuyu, Kikamba au Kijaluo amezoea toni, na walimu hudhani kwamba atapona kwa urahisi. Ni nusu ya ukweli. Sikio lake linajua kwamba kimo cha sauti ni sehemu ya lugha, na ngazi zilizolala za Kikantoni zaweza kumfaa kuliko mpando na mwanguko wa Kimandarini. Lakini katika Kigikuyu toni huhama, ile ya silabi moja ikasikika juu ya silabi inayofuata, na katika Kijaluo hushiriki sana katika sarufi ya kitenzi. Katika Kichina toni imegandamana na silabi yake kama irabu ilivyo. Mabadiliko yapo, lakini ni machache: Kimandarini hugeuza toni ya tatu kuwa ya pili ikifuatwa na ya tatu nyingine, hivyo nǐ hǎo hutamkwa ní hǎo, Kikantoni huweza kupandisha toni ili kupata maana iliyo jirani, kama tong4 (sukari) na tong2 (peremende).

Neno moja ambalo mwanafunzi hana haja ya kulitafuta mbali ni chai. Lilitufikia kwa njia ya Uajemi na Uhindi, na asili yake ya Kichina ni chá kwa Kimandarini, caa4 kwa Kikantoni.

Msamiati na sarufi

Maneno ya elimu na utawala hushirikiwa. Maneno ya nyumbani ndiyo hutengana, na hayo ndiyo hutumika kila dakika. Kula ni chī na sik6, kunywa ni hē na jam2, kutazama ni kàn na tai2, yeye ni tā na keoi5, kiungo cha "ni" ni shì na hai6. Mengine ni ya hila, kwa kuwa neno ni moja na maana imehama: zǒu kwa Kimandarini ni kutembea au kuondoka, ilhali zau2 kwa Kikantoni ni kuondoka au kukimbia, na kutembea ni haang4. Kushukuru nako kuna adabu yake. Kimandarini hutosheka na xièxie, lakini Kikantoni hutofautisha m4goi1, kwa mtu aliyekufungulia mlango, na do1ze6, kwa mtu aliyekupa zawadi. Kuzibadilisha hakumuudhi mtu, humfanya atabasamu.

Mpangilio wa maneno haufanani kama inavyodaiwa. "Nipe kitabu" kwa Kimandarini ni gěi wǒ shū, mpewa akitangulia. Kwa Kikantoni ni bei2 bun2 syu1 ngo5, kitabu kikitangulia na mpewa akija mwisho. Katika kulinganisha, Kimandarini husema wǒ bǐ nǐ gāo, "mimi nikilinganishwa nawe mrefu", ilhali Kikantoni husema ngo5 gou1 gwo3 nei5. Neno gwo3 maana yake ya asili ni kupita. Msemaji wa Kiswahili asemaye "nakupita kwa urefu" atajihisi nyumbani.

Jambo linalostahili kuwavutia zaidi wanaisimu wa Kibantu ni vihesabio. Katika lugha zote mbili nomino haihesabiwi pasipo kijineno kinacholiweka katika jamii ya vitu vyenye umbo au tabia fulani: bun2 au běn kwa vitabu, go3 au gè kwa watu. Mwanafunzi wetu hukumbuka ngeli mara moja. Ukumbusho huo una faida ya kumwondolea hofu, lakini usivutwe mbali. Kihesabio hakitawali upatanisho; kivumishi na kitenzi havibadiliki kwa ajili yake. Tofauti ya lugha hizi mbili ni kwamba Kikantoni kimekipa kazi ya kuonyesha kitu kinachojulikana. Zek3 gau2 hou2 daai6 ni "yule mbwa ni mkubwa", pasipo namba wala kionyeshi, jambo ambalo Kimandarini sanifu hakiliruhusu mwanzoni mwa sentensi. Vile vile kitabu changu ni wǒ de shū kwa Kimandarini, ambapo de ni kama kihusishi "a" cha umilikaji. Kwa Kikantoni ni ngo5 bun2 syu1, na kihesabio chenyewe ndicho kinachounga.

Maandishi

Husemwa kwamba Wachina wote huandika lugha moja. Ukweli ni kwamba baada ya vuguvugu la 1919 maandishi ya kale yaliachwa hatua kwa hatua, na mahali pake pakachukuliwa na maandishi yaliyojengwa juu ya Kimandarini. Mtoto wa Hong Kong hufundishwa kuandika neno la Kimandarini la "yeye" na kulisoma taa1, ilhali kinywani mwake yeye ni keoi5. Huandika kikanushi kisomwacho bat1, na akitoka darasani husema m4. Anasoma kwa sauti zake sentensi ambazo hakuna mtu wa nyumbani kwao azisemaye. Afrika ya Mashariki haina mfano kamili wa hali hii. Mwanafunzi anayetegemea kusoma magazeti ya Hong Kong ili ajifunze kusema Kikantoni atakuwa amejifunza sarufi ya Kimandarini kwa matamshi ya kusini. Kikantoni halisi huandikwa pia, katika matangazo, vichekesho na barua za marafiki, kwa alama za ziada ambazo Kimandarini hakizitumii. Pamoja na hayo, Hong Kong na Macau hutumia alama za jadi, na Uchina bara alama zilizorahisishwa tangu 1956. Lakini huo ni mgawanyo wa nchi, wala si wa lugha, kwa maana Taiwan husema Kimandarini na kuandika kwa alama za jadi.

Tahajia za kilatini nazo zataka tahadhari. Herufi j ya pinyin ni sauti iliyo karibu na ch isiyo na mpumuo, ilhali j ya Jyutping ni y: jam2 husomwa "yam". Herufi c katika pinyin ni ts yenye mpumuo. Vitabu vingi vya Kikantoni vilivyotungwa Marekani hufuata tahajia ya Yale, ambayo huonyesha toni za chini kwa kuongeza h baada ya irabu, na msomaji asiyejua huitamka h hiyo. Maktaba inayonunua kamusi na kitabu cha mazoezi yafaa ihakikishe kwamba vyote viwili vimeandikwa kwa tahajia moja, la sivyo mwanafunzi atatumia muhula wa kwanza kujifunza tahajia tatu za lugha ambayo bado hajaisema.